Pampasi za kufungua na kufunga tena, tepu gani nitumie?

Mwanzo_Mpya: Wakuu habari, nataka kuanza kutengeneza pampasi za watu wazima, sasa sampo yangu ukiifungua mara moja tu kucheki kama imelowa haishiki tena inabidi utupe, na ilikua kavu kabisa, inaniuma kweli. Nakosea wapi?

Fundi_Laini: Hiyo ni tepu ya gundi mkuu, ikigusa poda au mafuta ya kujipaka basi tena. Weka ya kulabu, yani vile vijino vidogo vya plastiki vinavyonasa kwenye vinyuzi vya kitambaa cha mbele, unafungua na kufunga tena na tena.

Nesi_wa_Zamu: Ila kona za tepu zikatwe mviringo jamani, ngozi ya mzee inachubuka haraka mno.

Mwanzo_Mpya: Asanteni sana, naanza na hizo kona.