Lozi za kunyunyizia juu ya pilau: nakosea wapi?

Mama_Uyole: Wakuu habari za jioni. Jumamosi tuna sendofu ya mdogo wangu, watu 40 hivi, na pilau nimeachiwa mimi. Mchele wa Kyela ninao, nyama ipo. Shida ni lozi. Nilinunua robo kilo, zile zilizokatwa vijiti, bei sitaki hata kuikumbuka. Mara ya kwanza nilizimwaga sufuriani wakati wa kupalia makaa, zikatoka laini kama karanga za kuchemsha. Jana nikazikaanga kwa mafuta, nikageuka kidogo kumwangalia mtoto, narudi nakuta nyeusi, chungu. Imebaki kama nusu. Nisaidieni kabla sijamaliza pakiti.

Mpishi_wa_Zamu: Dada, sufuriani zisiingie kabisa, mvuke ndio adui wa lozi. Chukua kikaango kikavu, bila mafuta, maana zenyewe zina mafuta ya kutosha. Makaa yawe yameanza kufifia. Geuzageuza bila kuacha, dakika nne tano. Zikifika rangi ya chai ya maziwa, hapohapo mimina kwenye sahani baridi. Ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuungua hata kama umeshaepua.

Mnyalu_Halisi: Lozi zinatoka California huko Marekani, korosho ziko Mtwara hapo, halafu unalia na pakiti? Pasua korosho, wageni watakula tu 😂

Mama_Uyole: Mnyalu, bibi harusi mwenyewe ndiye anataka lozi. Kaziona kwenye simu.

Tukuyu_Kwetu: Hata makadamia za huku Rungwe zinafaa, ila zina mafuta mengi kuliko lozi, zisimamie. Na usije ukanyunyiza kwenye hotpoti halafu ukafunika, zitalainika tena. Weka bakuli na kijiko pembeni, mpakuaji anyunyize kwenye sahani. Kama hazitoshi watu 40, pamba sinia la meza kuu, yaishe.

Mpishi_wa_Zamu: Bakuli la pembeni ni zuri pia kwa mwenye mzio wa lozi au korosho. Tangazeni kabla watu hawajapakua.

Mama_Uyole: Nimejaribu sasa hivi, kijiko kimoja tu. Mtoto nimemkabidhi baba yake. Dakika ya tatu zikaanza kunukia, ya nne nikamimina kwenye sahani ya bati. Ukitafuna zinalia kach! Ndaga fijo, yaani asanteni sana jamani. Ni sinia la meza kuu tu, wengine watazionea kwenye picha.