Tiketi ya saa 12 Maasai Mara: ibaki ilivyo au turudi saa 24?

Kikokotoo

Wadau, naleta hoja hii kwa sababu kila anayepanga safari ya siku tatu hifadhi ya Maasai Mara, Kenya, hujikwaa hapo hapo. Tangu tarehe 1 Januari 2024 tiketi ya kuingia upande unaosimamiwa na Kaunti ya Narok ni ya saa 12: inaanza saa 12 asubuhi, inakufa saa 12 jioni. Ya zamani ilihesabiwa saa 24 tangu ulipoingia getini. Bei nayo ikapanda siku hiyo hiyo. Mgeni asiye mkaazi wa Afrika Mashariki sasa analipa dola 100 Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba, wakati kwa miaka mingi alilipa dola 70 akilala ndani ya hifadhi na 80 akilala nje.

Bei tuiweke kando kwanza, kila mtu ana la kusema juu ya bei. Nataka tuongee saa. Chukua mgeni anayelala usiku mbili nje ya geti la Sekenani au ng'ambo ya mto Talek. Zamani dereva alimfikisha mchana, wakaingia saa 9 na nusu alasiri, wakatoka jua likizama, wakarudi alfajiri kwa tiketi ile ile. Tiketi ya pili ilifunika jioni ya pili na asubuhi ya kuondoka. Siku tatu, tiketi mbili. Leo mizunguko ile ile inataka tiketi tatu, yaani dola 600 mwezi wa nane. Halipi mtu. Kinachofanyika ni kufuta jioni ya kwanza na asubuhi ya mwisho, na ile "safari ya siku tatu" inabaki siku moja ya porini na mbili za barabarani.

Sasa mtazame aliyelala ndani. Usiku mbili analipia siku mbili, na siku ya kuondoka anapewa hadi saa 4 asubuhi awe ameshatoka getini. Anapata jioni, siku nzima na asubuhi kwa dola 400. Porini ni mizunguko ile ile. Aliyelala nje analipa dola 200 zaidi kwa sababu ya mahali alipoweka kichwa usiku. Ni haki? Na kama si haki, tiketi iweje?

Nyasi Ndefu

Ni haki. Kambi za nje zimeota Talek, Sekenani na Oloolaimutiek kama uyoga. Kila kitanda kipya nje ya geti ni kiti kipya cha gari ndani ya geti, na gari hilo lilikuwa likiingia mara mbili kwa tiketi moja, tena kwa nyakati mbili ambazo simba na chui wako kazini: baada tu ya mapambazuko na kabla tu ya giza. Hifadhi yote ya Mara ni kilomita za mraba 1,510. Serengeti ni 14,763. Anayetaka Mara ipokee magari kama Serengeti hajaangalia ramani.

Halafu kuna ukaguzi. Tiketi inayovuka usiku inamlazimu askari asome saa ya kila mgeni katika gari la watu saba, na pengine wawili kati yao walijiunga jana jioni. Tiketi ya siku anaangalia tarehe, basi. Ubishi wa getini umepungua.

Kikokotoo

Ubishi umepungua, nakubali. Magari je? Gari lililokuwa likikaa ndani kwa saa mbili za jioni na nne za asubuhi, kisha likalala kambini mchana, sasa linakaa ndani saa 12 mfululizo na lanchi boksi zake. Simba aliyekuwa akilala kivulini bila mtu kuanzia saa 5 hadi saa 9 sasa amezungukwa mchana kutwa, kwa kuwa kila mtu anataka kuimaliza dola 200 yake.

Kingo za Mto

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi, na mahali pa kuliona ni Mto Mara kati ya Julai na Oktoba.

Nyumbu hawavuki kwa ratiba. Wanajazana juu ya ukingo, wa mbele wanashuka hadi majini, wananusa, wanarudi. Inaweza kuchukua dakika kumi, inaweza kuchukua saa nne, wanaweza kuondoka kabisa na kwenda kula nyasi. Kazi ya dereva ni kutulia. Gari linasimama mbali na ukingo, injini imezimwa, njia mbili zimeachwa wazi: ile ya kushukia na ile ya kupandia upande wa pili. Unasogea baada ya mstari kukolea majini, maana hapo walio nyuma wanasukuma na hawageuki tena. Ukisogea kabla, wale kumi wa mwanzo wanaona bati jeupe linatembea na kundi zima linapinda.

Mambo huharibika hivi. Gari la mstari wa tatu halioni maji, linasogea mita ishirini. La pembeni linaona limepitwa, nalo linasogea. Baada ya dakika tano kuna ukuta wa magari ukingoni. Nyumbu walioanza kuvuka wanakuta sehemu yao ya kupandia imezibwa, wanapinda kuelekea kwenye genge, wanaparamiana, miguu inavunjika. Mamba hana kazi ngumu siku hiyo.

Nani anasogea kwanza? Mara nyingi ni yule mwenye siku moja tu. Mgeni wa siku tatu unaweza kumwambia "kesho tutarudi", na anakuelewa. Wa siku moja anakugonga begani kutoka kiti cha nyuma, na bakshishi iko mfukoni mwake. Tiketi ya saa 12 imewaongeza hawa wa siku moja. Hiyo ndiyo hoja yangu, mengine ya haki ya kulala ndani au nje nawaachieni.

Nyasi Ndefu

Kingo, mbona Julai 2025 zile picha za watalii walioshuka magarini na kuwazuia nyumbu zilitoka Serengeti kaskazini, ambako wana saa 24? Usiitwike tiketi mzigo wa nidhamu ya madereva.

Njia ya Naabi

Nitajibu mimi, maana huku Tanzania tunaishi na hizo saa 24 mnazozililia.

Mkuu, saa 24 zinahamisha fujo kutoka asubuhi kuipeleka saa ya kutoka. Gari likiingia Serengeti kwa geti la Naabi saa 7 mchana, linatakiwa lipite Naabi kabla ya saa 7 mchana siku ya kuondoka. Dakika zikizidi ni siku nyingine kwa kila mgeni: dola 70 katika msimu mkubwa, ongeza VAT ya asilimia 18. Sita garini, fanya hesabu mwenyewe. Kutoka Seronera, katikati ya hifadhi, hadi Naabi kwa spidi halali ya kilomita 50 kwa saa weka saa nzima, na barabara ile imejikunja kama bati. Sasa dereva kampata chui saa 4 na nusu, kakaa naye mpaka saa 6 na dakika 20. Unadhani atakwenda 50? Atakwenda 80, matairi yanapasuka, vumbi linawafunika waliosimama, na swala anayekatiza haonekani. Pita njia hiyo kuanzia saa 5 hadi saa 7 uone mbio zenyewe.

Ila saa 24 zina faida moja ambayo saa 12 haziwezi kuitoa. Ngorongoro unalipia hata kama unapita tu kwenda Serengeti, dola 60 na VAT yake kwa mgeni, kwenda na kurudi. Mpangaji mzuri hurudi hivi: anatoka Serengeti saa 7 mchana na hapo hapo kibali cha Ngorongoro kinaanza kuhesabu. Jioni wageni wanalala ukingoni kwenye kambi ya Simba (mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, blanketi si anasa). Saa 12 asubuhi wanashuka kreta kwa barabara ya Seneto, wanapanda kwa ya Lerai, na kabla ya saa 7 wako nje ya geti la Loduare. Kibali kimoja kimelipia njia, kulala na kreta. Kilichoongezeka ni ada ya kambi, na ile ya kushusha gari kreta ambayo ni dola 295 pamoja na VAT. Kwa tiketi ya saa 12 hapo ungelipa siku mbili kamili.

Kinachokosewa mara nyingi ni kontroli namba, ile namba ya kulipia ada za serikali. Malipo yametengenezwa kwa siku ya kwanza, gari limeharibika Karatu, ukalala, tarehe imepita. Rekebisha ofisini kabla ya kufika getini. Getini utapoteza saa mbili za mwanga.

Mwenye Ardhi

Mnasahau kuna upande wa tatu. Hifadhi za jamii zinazoizunguka Mara, kama Naboisho, Olare Motorogi na Mara North, ziko kwenye ardhi iliyokodishwa kutoka kwa wenye mashamba, na wanalipwa ili ng'ombe wasilishwe ovyo. Kule magari kwa mnyama mmoja hayazidi matano, unatembea kwa miguu na mwongozaji, unaendesha usiku. Ndani ya hifadhi ya kaunti hayo mawili ya mwisho hayaruhusiwi. Tiketi ya saa 12 inasukuma mgeni mwenye uwezo alale huku siku mbili, aingie Mara siku moja tu. Kwa mfugaji aliyekodisha ekari zake hilo si baya hata kidogo.

Anayeumia ni mwenye kambi ndogo ya mahema pale Talek, aliyekuwa akipokea mabasi ya bei nafuu. Yeye hana ardhi ya hifadhi ya jamii ya kuwapeleka wageni jioni, na sasa hana jioni ya kuwauzia.

Wikendi Tu

Kwa Mkenya wa kawaida saa 12 ni sawa kabisa. Unatoka Nairobi Ijumaa baada ya kazi, unafika saa 5 usiku, Jumamosi unaingia alfajiri, unatoka jioni, Jumapili nyumbani. Saa 24 hazikukufaa kitu. Na kinachotuumiza sisi ni kukodi gari, tiketi ni cha mtoto. Tusipange sheria nzima kwa hesabu ya dola.

Kikokotoo

Nimekusikia. Basi napendekeza hivi: tiketi ya siku ibaki, kisha iongezwe tiketi ya jioni, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12, kwa nusu ya bei. Aliyelala nje atalipa 100 ya jioni ya kwanza na 200 ya siku ya pili. Saa ya kutoka ni ile ile kwa wote, kwa hiyo mbio za Naabi hazitakuwepo, na askari anasoma rangi ya tiketi tu.

Nyasi Ndefu

Na magari ya jioni yatakwenda wapi kwa saa tatu? Hayawezi kufika mtoni na kurudi. Yatazunguka nyasi za karibu na Sekenani na Talek, kwenye familia zile zile za simba zinazosumbuliwa tayari. Ukitaka tiketi ya jioni, weka na idadi: magari kadhaa kwa geti, yakitimia geti limefungwa. Bila idadi napinga.

Kingo za Mto

Kwa idadi naunga mkono. Na mtoni vile vile: askari asimame kwenye kivuko chenyewe. Akibaki getini hawezi kulizuia gari la mstari wa tatu.

Njia ya Naabi

Idadi getini ina shida yake. Watakaojaza nafasi ni makampuni makubwa yenye mtu wa kukaa kwenye kompyuta. Dereva mwenye gari moja atafika saa 9 na wageni wake akute zimekwisha.

Mgeni Mwenyeji

Samahani kuwakatiza. Nina wageni wanne, wawili wakubwa na watoto wawili wa miaka 12 na 14, siku tatu mwezi wa nane, kambi iko nje ya Sekenani na imeshalipwa. Kwa sheria iliyopo leo wafanyeje?

Kikokotoo

Tiketi ya siku moja kwao ni dola 500: wakubwa 200 kila mmoja, watoto wa miaka 9 hadi 17 dola 50 kila mmoja. Nunua moja tu, ya siku ya pili.

Siku ya kwanza msikimbie. Tokeni Nairobi saa 1 asubuhi, jazeni mafuta Narok, mtakuwa Sekenani mchana baada ya saa tano au sita za barabara. Jioni hiyo ulizia kambini kama wana mpango wa kutembea na mwongozaji kwenye ardhi ya jamii, ada yake ni nyingine. Lanchi boksi ziagizwe usiku, si asubuhi. Jikoni wakichelewa nusu saa umepoteza simba.

Siku ya pili muwe getini kabla halijafunguliwa. Asubuhi yote iwe ya paka wakubwa huku mkisogea magharibi, mtoni mfike kwenye saa 5. Wekeni saa ya kuondoka mtoni, saa 9 na nusu, na waambieni watoto mapema, nyumbu wawe wamevuka au hawajavuka. Kurudi Sekenani bila kusimama ni kama saa mbili, na nusu saa ni ya pancha.

Kingo za Mto

Na spea ikaguliwe upepo kabla ya kutoka Nairobi. Jeki iwe na kipande cha ubao wa kuweka chini yake. Udongo mweusi wa Mara ukilowa, jeki inazama na gari linabaki lilipo.