Ushauri wakuu: chambo za besi, nibaki na zile za zamani au nichukue huyu samaki wa kuchaji anayetangazwa kila kona?

Mvuvi wa Jioni (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa haraka maana hili jambo linaninyima usingizi. Ninavua besi, yule samaki wa maji baridi mwenye mdomo mkubwa, kwa fimbo na riili. Boksi langu lina chambo za zamani tu, yaani nyungunyungu wa plastiki, samaki wa mbao mwenye kidomo cha plastiki mbele, popa moja ya kurusha juu ya maji na spina mbili tatu, zile zenye kibamba kinachozunguka. Sasa kila nikishika simu nakutana na tangazo la samaki bandia wa kuchaji, ana mota ndani, mkia unatikisika wenyewe, ana taa, ukimweka majini anaondoka bila kuvutwa. Kwenye video besi wanamfuata kama wameitwa mkutanoni. Swali langu ni moja tu, kati ya za zamani na hii mpya ipi inaleta samaki? Nataka niamue kabla wiki haijaisha. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Ndoana Butu
Nimeshachukua siti ya mbele, endeleeni.

Babu Chubwi
Mwanangu, kwanza jua hizo za zamani zilitoka wapi. Lauri Rapala alikuwa mvuvi huko Finland, akawa anaangalia samaki wakubwa wanavyovamia kundi la wadogo, akaona wanamchagua yule anayeyumba, aliyeumia. Mwaka 1936 akachonga chambo ya gome jepesi kama la vizibo vya chupa, akaivika karatasi za kung'aa za chokoleti, juu akayeyushia negativu za picha ili maji yasiingie. Mpaka leo watu wanaununua ule mwendo wa kuyumba. Mimi mwenyewe marehemu baba aliniachia moja ya mbao, rangi imebanduka yote, kidomo kimepinda kidogo upande wa kushoto, na ndiyo iliyokuwa inatulisha nyumba nzima. Siku moja mjomba akaja na koleo akakinyoosha kile kidomo ati anaitengeneza. Haikukamata tena! Mpaka leo nikimkumbuka mjomba yule namkumbuka na koleo lake mkononi.

Dada Kasia
Shikamoo babu. Mleta uzi, swali lako halijibiki hivyo ulivyoliuliza. Maji yako yakoje? Kina kikoje, kuna majani, kuna magogo? Uko ukingoni au kwenye boti? Mshipi wako wa aina gani?

Mvuvi wa Jioni
Maji ya kawaida tu dada, ni bwawa. Mimi nataka kujua ipi bora kwa ujumla.

Ndoana Butu
Kwa ujumla bora ni samaki hai hahaha. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa wameshikilia watu wawili, George Perry wa Georgia kule Marekani, 1932, na Manabu Kurita wa Japani, ziwa Biwa, 2009. Wote kilo 10 na ushee, wa Kurita alizidi kiduchu sana kwa hiyo ikahesabika sare. Perry alitumia chambo ya mbao. Kurita alitumia samaki mzima anayepumua. Mota hapo sijaisikia.

Dada Kasia
Mleta uzi, "kawaida" siyo jibu. Ukirusha chambo ukaivuta, inarudi na nini?

Mvuvi wa Jioni
Haya dada, inarudi na majani. Bwawa limejaa mayungiyungi, karibu nusu yake limefunikwa, chini kuna miti iliyozama zamani, na mimi navua ukingoni sina boti. Lakini hata kwenye ile video walikuwa karibu na majani na walikamata. Halafu kitu kingine, nimeshatanguliza nusu ya hela, na siyo ya samaki mmoja, ni boksi zima, tumechangishana mimi na wenzangu wawili na mimi ndiye niliyewashawishi. Kwa hiyo jamani msiniambie niache, niambieni nitaitumiaje. Chombo chenyewe ni kizuri, plastiki yake ngumu, ile taa nyekundu ikianza kupepesa haraka haraka ndo unajua inataka chaji.

Sauti ya Hekima
Hela ya watu haichezewi kijana. Ulitakiwa uulize kwanza ndo uchangishe. Vijana wa leo mnataka njia ya mkato kwenye kila kitu, hata uvuvi ambao ni shule ya uvumilivu mnataka samaki wa mashine awavulie ninyi mmekaa. Kaa na wenzako uwaambie ukweli.

Kapteni Mawimbi
Sauti ya Hekima hapo umehubiri tu, kaulizwa chambo. Na ninyi wengine msidharau kila kipya. Oktoba 2011 Paul Elias alishinda mashindano ya ziwa Guntersville, Alabama, kwa ule mtambo wa nyaya unaobeba chambo tano kwa pamoja kama kakundi ka samaki wadogo. Watu walicheka mwanzoni, halafu kila mtu akautafuta, ukafanya kazi mno mpaka B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi cha Marekani, wakaupiga marufuku kwenye mashindano yao makubwa ya Elite. Hata nyungunyungu wa plastiki alikuwa kitu kipya, Nick Creme alimpika jikoni kwake Ohio mwaka 1949, leo mnamwita wa zamani. Chambo ihukumiwe majini.

Babu Chubwi
Kapteni hilo nakubali, ila tofautisha. Ule mtambo ulisambaa kwa sababu mtu alishinda nao mbele ya macho ya wenzake. Miaka ya 1990 kulikuwa na Banjo Minnow na Helicopter Lure, matangazo marefu kwenye televisheni za Marekani, kila ukiwasha zipo. Samaki zilikuwa zinakamata, sikatai, plastiki laini ikitikisika vizuri itakamata tu. Lakini tangazo linakuonyesha dakika ambayo samaki aliuma. Masaa ambayo hakuuma hayamo kwenye video, na wewe utayakuta ukingoni.

Jicho la Furu
Samahani wakuu nawakatisha. Mimi naona huu uzi ni chai, tena yawezekana ni tangazo kabisa. Someni vizuri. Jamaa anasema ndo kwanza ametanguliza nusu ya hela, mzigo haujafika. Sasa amejuaje taa nyekundu inapepesa haraka haraka chaji ikikaribia kuisha? Amejuaje plastiki ni ngumu? Video haikuonyeshi ugumu wa plastiki. Huyu ni muuzaji, kesho atakuja na ID nyingine kutuambia amekamata besi wa kilo nne.

Ndoana Butu
Eeeh! Mambo yamebadilika. Mleta uzi njoo ujibu.

Sauti ya Hekima
Mimi nilihisi tangu mwanzo.

Kapteni Mawimbi
Ulihisi lini na ulikuwa unahubiri uvumilivu?

Mvuvi wa Jioni
Mimi siyo muuzaji jamani, mnanionea. Mwenzangu mmoja kati ya wale wawili aliletewa mmoja wa kujaribu, tukaenda naye bwawani. Ndiyo maana najua taa.

Dada Kasia
Sasa ndugu yangu hilo ndilo ulilotakiwa kuanza nalo! Alikamata?

Mvuvi wa Jioni
Aliogelea vizuri sana, mkia unakwenda kama samaki kabisa.

Dada Kasia
Sijauliza mkia. Alikamata?

Mvuvi wa Jioni
Alinasa. Aliingia chini ya mayungiyungi, zile ndoana za meno matatu zikashika mashina, mota inaendelea kuzunguka inajisokotea majani kwenye mkia, tukivuta mshipi unalia. Tukawa tunaiona ile taa inapepesa chini ya majani hatuna la kufanya, mwisho mshipi ukakatika. Lakini ule mshipi ulikuwa mwembamba, siyo kosa la chambo. Nikiwa na mshipi mnene habari itakuwa nyingine.

Jicho la Furu
Hmm. Muuzaji hawezi kusimulia hivyo bidhaa yake. Bado sijakuamini moja kwa moja ila nimepunguza. Tuambie besi wa hapo wanajionyesha vipi, mtu wa kutunga hawezi kujua.

Mvuvi wa Jioni
Jua likianza kushuka unasikia "pwaa" katikati ya majani, jani linanyanyuka linarudi. Wakati mwingine unaona majani yanatikisika mstari mmoja kwenda mbele bila upepo. Nikirusha popa pembeni wanakuja nyuma yake, ila ndoana zinanasa majani kabla hawajafika. Ndo maana nikaona nijaribu kitu kingine.

Dada Kasia
Mimi nimeamini, hiyo ni besi anakula juu. Sasa sikiliza, maana una samaki, usichonacho ni chambo inayopita kwenye majani. Besi ni mviziaji, anajibanza kivulini, anasikia mtikisiko kwa ule mstari wa ubavuni, chambo ikipita karibu anafungua mdomo ghafla maji yanaingia na chambo inaingia nayo. Kwa hiyo kazi yako ni kuifikisha pale alipo. Chenye ndoana za meno matatu zinazoning'inia nje hakifiki, kiwe cha mbao cha babu au cha mota. Hapo mzozo wa zamani na mpya haukuhusu kabisa.

Juu ya mayungiyungi weka chura wa plastiki mwenye tumbo tupu, ndoana zake mbili zimelala mgongoni zinaangalia juu, anateleza kwenye majani hashiki kitu. Mburute taratibu, ukifika kwenye uwazi msimamishe. Akipigwa usivute hapo hapo! Subiri usikie uzito ndo uvute kwa nguvu. Kwenye matundu na ukingo wa majani tumia nyungunyungu wako wa plastiki, ncha ya ndoana umeizamisha ndani ya mwili wake, chubwi ndogo yenye umbo la risasi mbele au bila chubwi kabisa. Wapo wale wanene waliochanganywa chumvi, uzito wa chumvi unawazamisha wenyewe huku wanatetemeka kidogo pande zote mbili, na mara nyingi besi humng'ata wakati anazama, kwa hiyo angalia mshipi, ukienda pembeni jua tayari.

Mvuvi wa Jioni
Na boksi langu la samaki wa kuchaji nifanyeje? Wenzangu wanasubiri.

Kapteni Mawimbi
Si umetanguliza nusu, muulize muuzaji kama atakubali upunguze mzigo, uchukue mmoja tu. Huyo mmoja mtoe zile ndoana za meno matatu, mwekee moja ya jino moja chini ya tumbo, umrushe upande ambao hauna majani kabisa. Akikamata utakuja kutuambia. Mimi nataka kujua kweli, sijawahi kumshika.

Sauti ya Hekima
Na wenzako uwaambie kuhusu yule aliyekatika.

Mvuvi wa Jioni
Mmoja anajua, tulikuwa naye. Huyo mwingine nitamwambia muuzaji akishajibu. Dada Kasia ndoana ya nyungunyungu namba ngapi, na mshipi?

Dada Kasia
Nyungunyungu wa inchi tano chukua ndoana iliyopinda shingo namba 4/0. Pitisha ncha kichwani kiasi kidogo, itoe chini, geuza, vuta mpaka shingo iingie kichwani, halafu pima ndoana inapofika mwilini ndo uizamishe hapo, nyungunyungu abaki amenyooka. Akijikunja ataanza kuzunguka na mshipi wako utajisokota. Mshipi tumia wa kusuka, wa kuhimili ratili 50 kwenda juu kwa sababu ya majani. Huo mwembamba wako uache kwa maji ya wazi.

Jicho la Furu
Na mimi nifaidike basi, bwawa langu maji meupe unaona mpaka chini, hakuna jani. Wananifuata wanageuka.

Babu Chubwi
Wewe mshipi mwembamba usioonekana, rangi za chambo zilizopoa, na urushe mbali. Nenda alfajiri. Na ukiwa na chambo ya mbao iliyopinda kidomo usimpe mtu mwenye koleo.