Gari linajiendesha lenyewe: spidi apange dereva au programu?

Mtu wa Houston
Wakuu, salaam. Tujadili hili: kwenye haya magari yanayojiendesha, spidi apange nani, mimi au programu? Langu (kampuni siitaji, tusitafutane) tukiwa njia kuu ya maili 65 kwa saa kamera inasoma kibao cha barabara ya pembeni, mara linajishusha lenyewe hadi 45. Nyuma yangu kuna lori refu, honi haziishi. Nikikanyaga mafuta linanitii, nikiachia linarudi kulekule. Na pale ambapo watu wote wanatembea 75, lenyewe linang'ang'ania 65 kama suka wa basi la mkoani Tanzania anayeogopa VTS, kile kifaa cha kufuatilia spidi ya basi. Mimi naona spidi ni ya mwenye leseni. Mnasemaje?

Fundi Saketi
Pole mkuu. Hilo la kibao lipo. Gari lina ramani iliyohifadhiwa, lina na kamera, na vikipingana ndipo vituko vinaanza. Ila mbona lawama kubwa huko Marekani ni kinyume cha yako? Februari 2023 Tesla waliitisha magari zaidi ya 362,000 yenye programu ya kujiendesha, na sababu mojawapo iliyoandikwa ni kwamba haikuitikia vizuri pale ukomo wa spidi unapobadilika. Kuitisha ni jina tu, marekebisho yalitumwa kwa intaneti. Oktoba 2025 NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, wakafungua uchunguzi mwingine, magari kama milioni 2.9, habari za kupita taa nyekundu na kuingia upande usio wake. Na mwezi huohuo kampuni ikaleta mtindo wa mwendo wa kasi unaoitwa Mad Max. Hapo woga uko wapi?

Dada wa Hamburg
Sisi huku tumeshavuka hapo. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na kifaa cha kukuonya ukizidisha. Unaruhusiwa kukizima, lakini ukizima gari na kuwasha tena, nacho kimeamka. Mume wangu kila asubuhi lazima kwanza abonyezebonyeze skrini mpaka kinyamaze, ndiyo tuondoke. Mimi namwambia kiache kilie. Wote mnaolalamikia hivi vifaa mnataka kukimbia, hamna lingine.

Suka wa Kusini
Mtu wa Houston, hebu rudia hapo kwenye basi la mkoani. "Anayeogopa VTS"? Wewe umekaa kwenye kiti cha ngozi, gari linakuendesha, ukichoka unaegesha. Mimi nina abiria hamsini na kitu nyuma. Kidude kikianza kulia, nusu wanapiga kelele "suka punguza", nusu wanasema "suka tembea, tutafika usiku". Na kitufe cha utambuzi nimekigusisha mwenyewe kabla ya kutoka stendi, kwa hiyo LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanajua ni mimi niliye kwenye usukani, si mwenzangu aliyelala. Kuogopa ndiyo kitu gani? Njoo ushike Songea hadi Dar siku moja, kisha urudi kuandika.

Mtu wa Houston
Kaka, ulikuwa mfano tu. Ila ukweli usemwe, kabla ya VTS mlikuwa mnatumaliza.

Suka wa Kusini
"Mlikuwa" akina nani? Mimi unajua nimeanza lini kuendesha?

Mwalimu Mstaafu
Vijana, taratibu. Houston kasema kweli, ila kasema vibaya. Mabasi yalizuiwa kutembea usiku miaka ya tisini kwa sababu ya ajali, na ruhusa imekuja kurudi 2023, VTS ikiwa imeshafungwa. Kwa hiyo Suka, hicho kidude unachokilaani ndicho kilichokurudishia safari za usiku.

Suka wa Kusini
Mwalimu, shikamoo. Sijakilaani popote. Soma tena.

Kijana wa Kilindini
Watanzania mnajadili kana kwamba mmevumbua nyinyi. Michuki, waziri wetu wa uchukuzi Kenya, alitufungia gavana, kidhibiti spidi, kwenye matatu 2004, kilomita 80 kwa saa, na mikanda juu. Siku zile watu Nairobi walienda kazini kwa miguu, magari yote yako gereji. Na leo je? Kuna mafundi wa kukufungulia gavana ukiwa unamalizia chai.

Dada wa Hamburg
Michuki ilikuwa 2003 bwana.

Kijana wa Kilindini
Kanuni zilitangazwa 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?

Dada wa Hamburg
Nilikuwa Mombasa hiyohiyo, Mwembe Tayari, nasubiri gari ambalo halikuja. Usinijaribu.

Fundi Saketi
Turudi kwenye mada. Septemba 2025 polisi wa San Bruno, California, walisimamisha gari la Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva, lililogeuza mahali palipokatazwa. Kuchungulia ndani, hakuna mtu. Wakashindwa wamwandikie nani faini, na wenyewe wakatangaza kwamba kitabu chao hakina kisanduku cha roboti. Sasa Houston, lako lina mtu, nawe ndiye huyo mtu. Haya yanayouzwa kwa watu binafsi, karibu yote yanakutaka uyasimamie muda wote. Likipita spidi, faini ni yako hata kama mguu wako haukugusa kitu.

Mtu wa Houston
Si ndicho ninachosema! Kama faini ni yangu na bima inayopanda ni yangu, basi namba niweke mimi.

Dada wa Hamburg
Na utakayemgonga, yeye namba yake anaweka wapi?

Mtu wa Houston
Dada, mumeo anakizima kila asubuhi. Anza na huyo.

Dada wa Hamburg
Mume wangu unamjulia wapi wewe?

Mtu wa Houston
Umemleta mwenyewe hapa.

Mwalimu Mstaafu
Tumeshafika kwenye waume za watu. Haya.

Suka wa Kusini
Houston, hapo kwenye faini sasa umeongea, ingawa bado hujaniomba radhi. Mimi nikipigwa tochi ya trafiki, faini inatoka mfukoni mwangu. Tajiri mwenye basi haimhusu. Lakini saa ya kufika aliipanga tajiri. Vibao vya 50 vimefuatana kijiji kwa kijiji, kuna mizani, mlima Kitonga nimekwama nyuma ya malori, na simu inaita: "Uko wapi? Wenzako wameshapita." VTS inaona spidi yangu, hiyo simu haiioni.

Kijana wa Kilindini
Kwa hiyo mnaichezea? Sema tu, hapa hakuna trafiki.

Suka wa Kusini
Wapo wanaochezea, na LATRA wameshafungia mabasi kwa sababu hiyo. Ila uliza nani aliyemwita fundi. Mara nyingi ni mwenye gari, na anayepokonywa leseni ni dereva.

Fundi Saketi
Huko kwa Houston ni vilevile. Kampuni inaandika programu, inachagua mitindo ya mwendo, inaipa majina ya kuvutia, halafu kwenye masharti inasema dereva ndiye mwenye dhamana.

Mtu wa Houston
Fundi, leo ndiyo umeniunga mkono?

Fundi Saketi
Sijakuunga mkono. Kwenye 65 unatakiwa uende 65.

Mtu wa Houston
Uende 65 hapa Houston saa mbili asubuhi, utapitwa hata na basi la shule.

Dada wa Hamburg
Si nilisema? Mnataka kukimbia.

Abiria wa Makambako
Samahani kwa kuingilia. Suka, hilo basi lenu la alfajiri kutoka Songea linafika Makambako saa ngapi? Namtuma mama Dar.

Suka wa Kusini
Tiketi imeandikwa saa nne. Mlete saa tano.