Jua la Dar limenimaliza ngozi, nile nini?

Mama Miwa
Habari za mchana wakuu. Nauza juisi ya miwa Mbagala Rangi Tatu. Mwavuli ninao, ila mashine ni ya kuzungusha, kila saa natoka kivulini. Tangu joto la Januari lianze uso umekuwa na madoa, na mikono ndiyo usiseme. Ina mabaka meusi, mengine michirizi kabisa, kama chai ya rangi imenimwagikia ikakaukia hapo hapo. Wiki ya juzi kidole kilitoa na lengelenge.

Mteja mmoja kaniambia kuna vyakula ukila jua halikushiki, nisihangaike na mafuta ya jua ya bei mbaya. Ni kweli? Nile nini, na kwa muda gani? Kipato ni hiki cha miwa, msinitajie vitu vya supamaketi.

Kachumbari
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Popo wa Mwenge
Karoti dada. Saga, kunywa asubuhi na jioni. Mimi nilikunywa mwezi mzima mpaka viganja vikawa njano, jirani akadhani nina homa ya manjano. Ila ngozi iling'aa.

Mpishi Mstaafu
Kula kunasaidia kidogo, na kidogo hicho kina masharti. Ujerumani mwaka 2001 watu walilishwa gramu 40 za nyanya ya kopo, ile nzito, pamoja na mafuta ya zeituni kila siku kwa wiki 10. Walipomulikwa kwa taa yenye mionzi kama ya jua, ngozi yao iliiva wekundu kwa kiasi pungufu kwa 40% kuliko ya wenzao ambao hawakupewa nyanya. Wiki ya 4 tofauti ilikuwa haijaonekana. Kwa hiyo anayekula wiki moja akajitazama kwenye kioo anapoteza muda.

Kinachofanya kazi ni ile rangi nyekundu, laikopini. Inapenda mafuta, na nyanya ikipikwa inaachia rangi kwa urahisi zaidi. Basi ziunge vizuri kwa mafuta ya alizeti, hakuna haja ya zeituni. Kachumbari haifiki huko (samahani uliyekaa siti ya mbele). Matembele, mchicha, viazi lishe na papai vina rangi za ukoo huo huo, navyo weka tui au mafuta. Ubuyu na mapera yana vitamini C, dagaa wana mafuta mazuri.

Lakini mafuta ya jua usiyaache kwa sababu ya mchuzi. Losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kukinga jua) iliyopakwa ya kutosha inazuia kama 97% ya mionzi inayounguza. Mchuzi hausogelei hapo.

Popo wa Mwenge
Si anunue tu vidonge vya hiyo rangi ya karoti?

Mpishi Mstaafu
Hapana mkuu. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, na majibu yalipotoka 1994 saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa 18% kwa waliovimeza. Karoti ya sokoni haina neno.

Shangazi wa Temeke
Jamani mnampikia mtu hamjamsikiliza. Mwanangu, hiyo michirizi mikononi. Juisi yako unaweka ndimu? Unaikamua kwa kutumia nini?

Mama Miwa
Shikamoo shangazi. Ndimu na tangawizi ndiyo juisi yenyewe. Nakamua kwa mkono, pale pale mezani. Na mkono wa kulia ndio ulioharibika zaidi.

Shangazi wa Temeke
Marahaba. Basi hilo si jua peke yake. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaunguza. Wala huoni kitu siku ile, ni kesho yake au keshokutwa: wekundu, lengelenge, halafu doa jeusi linalofuata pale maji yalipotiririka. Linaweza kukaa miezi. Nimefanya kazi zahanati, wauza kachori na mishikaki walikuwa wanakuja wakidhani wamerogwa.

Kamulia ndani kabla hujatoka, tumia kikamulio na glovu, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mikono mirefu, kofia pana, hasa saa nne mpaka saa kumi. Na mkorogo usiuguse! Zebaki na haidrokwinoni zitakuachia ngozi mbovu kuliko hiyo.

Mama Miwa
Shangazi, naona aibu kusema. Maganda ya ndimu yanayobaki huwa najisugulia usoni. Niliambiwa yanatoa weusi.

Shangazi wa Temeke
Ya Rabi. Halafu unatoka juani?

Mama Miwa
Saa tatu niko barabarani.

Kachumbari
Kesi imeisha 😂

Mama Miwa
MREJESHO. Ni wiki ya saba sasa. Kikamulio cha plastiki kipo, ndimu nazimaliza alfajiri jikoni, maji yake nayaweka kwenye chupa ndani ya barafu. Doa jipya hakuna hata moja. Ya zamani yamefifia, uso bado unasuasua, na lile doa la kidoleni ndilo bishi. Nyanya nakula, ingawa baba watoto ameuliza kama nyumba hii imesahau nazi. Tatizo ni mteja mmoja, kila siku anasema ndimu ya chupa haina harufu, anataka nimkamulie pale pale. Nimemkabidhi ndimu na kisu akamue mwenyewe.

Kachumbari
Glasi shilingi ngapi hapo Rangi Tatu?