Pakiti ya mbegu inasema nipande "majira ya kuchipua": kwa Dar es Salaam ni mwezi gani?

Mkazi wa Kimanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Shemeji yangu anayeishi Uingereza aliniletea mbegu za bustani alipokuja mwezi wa pili: saladi, spinachi, paseli, giligilani na vitunguu maji. Nyuma ya kila pakiti pameandikwa kwamba zipandwe majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei. Nami, bila kujiuliza zaidi, nilizisia katikati ya Aprili nyuma ya nyumba, isipokuwa vitunguu ambavyo bado ninavyo. Giligilani haikuota kabisa. Saladi iliota siku ya tano, lakini kufikia siku ya kumi karibu miche yote ilikuwa imelala chini kana kwamba imekatwa kwa wembe usawa wa udongo. Naomba mnieleze kama tatizo ni mbegu, ni udongo wangu wa kichanga, au ni mimi niliyekosea wakati. Na kama ni wakati, hayo majira ya kuchipua kwetu ni lini?

Bibi wa Kinyerezi

Mwanangu, mbegu hazina kosa. Aliyeandika pakiti ile alikuwa akimwambia mtu wa kwao kwamba baridi kali imekwisha na udongo umeanza kupata joto. Hakuwa akikuambia wewe usie mbegu ndogo namna ile katikati ya masika. Kilichoangusha saladi yako kinaitwa kinyausi. Ni ugonjwa wa ukungu unaoishi udongoni, na hushambulia shina la mche mchanga pale linapogusana na udongo, hasa kitalu kikiwa kimelowa mfululizo, miche ikiwa imebanana na hewa haipiti. Mvua za Aprili hapa mjini huupa ugonjwa huo kila unachohitaji.

Mimi masika sisii kitu moja kwa moja kwenye tuta. Natumia ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, naziweka chini ya paa la mabati lililotokeza ukutani, najaza mchanga uliochanganywa na mboji iliyooza barabara, kisha nasia kwa mistari iliyoachana badala ya kumwaga mbegu kama mtu anayelisha kuku. Namwagilia asubuhi tu, ili kufikia jioni uso wa udongo uwe umekauka. Samadi mbichi ya kuku usiithubutu kwenye kitalu, kwani huunguza mizizi.

Kuhusu swali lako la mwisho, kwa mboga zinazopenda ubaridi, majira yako ya kuchipua ni kipupwe, yaani kuanzia Juni hadi Agosti. Mvua huwa zimepungua, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20, na saladi hukaa wiki kadhaa kabla ya kurefuka na kuwa chungu. Sia mwanzoni mwa Juni. Masika yenyewe waachie wenyeji wake: matembele, ambayo hupandwa kwa vipande vya shina, pamoja na bamia na kisamvu. Hata mchicha hupigwa na matone makubwa ukichafuka udongo, ila huota upesi, na ndani ya wiki nne hivi unang'oa.

Giligilani iko hivi: ile punje ya mviringo unayoiona ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ipondeponde taratibu kwa chupa mpaka igawanyike, iloweke usiku kucha, ndipo usie. Usiihamishe ikishaota, maana mzizi wake haupendi kusumbuliwa.

Fundi Bustani

Naongeza jambo moja ambalo halihusu mvua wala joto: hivyo vitunguu usivipande hata hicho kipupwe kikifika. Aina nyingi zinazopandwa Uingereza hufanya kichwa mchana unapozidi saa 14, na kule mwezi Juni mchana hupita saa 16. Dar es Salaam, iliyo karibu na ikweta, mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo kitunguu cha namna hiyo kitakupa majani mazuri na shingo nene, na kichwa hutakiona. Kama ni kwa ajili ya majani tu, panda. Ukitaka kichwa, tafuta Red Bombay au Red Creole kwenye maduka ya pembejeo, kwani hizo ni za mchana mfupi.

Spinachi nayo ina fumbo lake. Ile ya majani mapana tunayonunua sokoni ni jamii moja na bitiruti, na huvumilia joto letu. Ya kwenye pakiti ya Ulaya mara nyingi ni mmea mwingine, ambao joto likizidi hutoa maua mapema.

Mkazi wa Kimanga

Bibi wa Kinyerezi, shikamoo, na ahsante sana. Fundi, nakushukuru pia. Vitunguu nitavifanya majani. Nina swali moja lililobaki: mvua zikikatika nitategemea maji ya kisima, na yana chumvi kidogo. Je, saladi itayaweza?

Bibi wa Kinyerezi

Marahaba. Saladi itasumbuka, na maharage na vitunguu vitasumbuka zaidi. Ile spinachi ya sokoni ndiyo itakayostahimili. Kinga maji ya mvua hizi za mwisho kwenye pipa, uyatunze kwa ajili ya miche, kwa sababu mche mchanga ndio unaoumia upesi. Mmea ukishakomaa, mwagilia maji ya kisima kwenye shina bila kulowesha majani, na mimina mengi kwa mara moja ili chumvi izame chini ya mizizi. Udongo wako wa kichanga utakusaidia katika hilo. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta ili maji yasikauke haraka. Ukianza kuona unga mweupe juu ya udongo au ncha za majani zikiungua, changanya maji hayo na ya bomba.