Besi imejaa kwenye hedfoni ila kwenye sabufa HAIPO, shida nini wakuu?

Gheto_Sound
Wakuu habari za mchana, naombeni msaada maana jana nimeaibika mbele za watu. Nina biti nimeipika wiki mbili, ni amapiano ila nimechanganya na magitaa ya kwetu kwetu, natumia FL Studio (programu ya kutengenezea mziki) kwenye laptop na hedfoni basi, spika za studio sina. Kwenye hedfoni besi ilikuwa imejaa kichwa kizima, yani unahisi iko mpaka kisogoni, nikasema hapa nimetoboa. Jana jirani ana shughuli nikampa dijei flashi aipige, mziki wenyewe ni sabufa za kawaida hizi, dude moja chini na vispika viwili pembeni. Mzee, besi hakuna. Kiki (ile ngoma nzito ya mdundo) inadunda, gitaa linasikika vizuri, besi imebaki kama mtu anahema chumba cha pili. Cha ajabu haijapotea yote, kuna noti zinatoka na kuna noti zinamezwa, G ya chini ndo haipo kabisa alafu G ya juu yake inapiga mpaka masufuria ya wapishi yanatikisika. Dijei akanirudishia flashi ananiambia dogo nyimbo yako imekonda. Leo asubuhi nimeongeza besi mpaka mita inagonga nyekundu, nikajaribu kwenye sabufa ya nyumbani, bado vilevile. Ni sabufa za bei rahisi au ni mimi?

Mzee_wa_Mikito
Ni wewe. Besi iweke mono mkuu, yani kushoto na kulia zitoe kitu kilekile, habari imeisha. Kwenye mikisa chaneli ya besi kuna kile kinobu cha sterio, zungusha hadi iwe mono kabisa.

Gheto_Sound
Mkuu nimezungusha, sasa imepotea hadi kwenye hedfoni!! Bora hata ilivyokuwa mwanzo.

Fundi Mitambo 255
Hahaha pole dogo, usiguse kitu kwanza. Ngoja nikisie: uliikopi besi ikawa chaneli mbili, moja ukaitupa kushoto moja kulia, alafu moja ukaichelewesha kidogo ili itanuke. Na ulichelewesha milisekunde 10 au karibu na hapo.

Gheto_Sound
Mkuu wewe ni mganga? Ni 10 kamili, niliona kwenye video moja YouTube jamaa anasema ndo siri ya besi nene.

Fundi Mitambo 255
Uganga hamna, umenitajia G mwenyewe. G ya chini ni hertz 49, yani mawimbi 49 kwa sekunde, wimbi lake moja linachukua milisekunde 20 na kidogo, nusu yake ndo hiyo 10 yako. Kwahiyo muda ambao chaneli ya kushoto inasukuma, ya kulia inavuta, kama watu wawili kwenye mkokoteni mmoja huyu anaenda Kariakoo huyu anarudi Buguruni. Kwenye hedfoni huoni tatizo kwasababu sikio la kushoto linapata yake na la kulia linapata yake, hazikutani, zaidi zaidi unajisikia umezungukwa. Sasa lile dude la chini la sabufa ni moja tu, linachukua kushoto na kulia linajumlisha, na hapo moja jumlisha hasi moja inabaki nini? Ndo maana kuongeza volyumu hakukusaidia, umeongeza zote mbili na zinaendelea kuuana vilevile. G ya juu ni hertz 98, kwake milisekunde 10 ni wimbi zima kasoro kidogo, zinakutana zote zinasukuma, zinaongezana, masufuria yanacheza. Na noti za katikati zinapona nusu nusu, ukipiga D utaisikia imepungua ila ipo.

Mzee wa Mikito hajakosea, ila ushauri wake umekuja kwenye mgonjwa tofauti. Mono ni kwa besi ambayo haijaharibiwa. Wewe ulipozungusha kile kinobu ulifanya kwa mkono wako kilekile ambacho sabufa ilikufanyia jana.

Dawa: futa chaneli ya kulia, FUTA usiizime tu maana najua usiku utaiwasha. Ya kushoto irudishe katikati. Hapo una besi moja nzima. Kama bado unataka upana, ikopi tena, hiyo kopi ikate chini yote kuanzia hertz 150 kushuka, alafu huko juu ndo itanue unavyotaka, na ile ya asili iishie kama 120 ibaki katikati imetulia. Chini huko sikio lenyewe halijui sauti inatokea upande gani, wimbi la hertz 50 lina urefu wa karibu mita 7, kichwa chako kina upana gani?

Kijana wa Singeli
Sisi huku biti inakimbia midundo 200 na zaidi kwa dakika, hatuna huo muda wa kutanua. Besi katikati, kiki katikati, vinanda na makelele mengine ndo yaende pembeni. Hujawahi kusikia kigodoro kinalalamika besi sio sterio.

msee_wa_bezi (Nairobi)
Niongeze kidogo wasee. Hii ya "besi lazima iwe mono" watu wanaiimba kama wimbo wa taifa na wengi hawajui ilitoka wapi. Enzi za santuri, besi ikiwa tofauti kushoto na kulia sindano ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya mfereji badala ya kwenda kando kwa kando, ikizidi inaruka, so wale wa kukata santuri wakawa wanaibana katikati kwa nguvu. Siku hizi wengi hawatumii sindano ila masabu kwenye klabu nyingi bado zinapigwa mono, na simu nyingine bado ziko na spika moja, kwahiyo sheria imebaki na sababu imebadilika. Mimi sina shida na besi ya sterio kuanzia 150 kwenda juu, naifanya kila siku. Adui ni fezi, yani mawimbi kutokwenda pamoja, moja linasukuma lingine linavuta. Unaweza kuwa hujachelewesha chochote na bado uumie, kwa mfano Serum (sinthi ya kwenye kompyuta) ukiweka yunisoni, yani noti moja ipigwe na sauti saba kwa pamoja, na fezi iko randomu, kila noti inaanza mahali tofauti, unasikia besi ya kwanza imeshiba ya pili ina njaa na huelewi kwanini. Weka sauti moja kwa ile ya chini kabisa na randomu iwe sifuri.

Alafu zoea kubonyeza mono kwenye masta (chaneli ya mwisho inayobeba nyimbo nzima) kila nusu saa, usingoje hadi mwisho. Na uchukue SPAN ya Voxengo, ni plagini ya bure ya kupima sauti, ina mita ya korelesheni, inaonyesha kama kushoto na kulia zinaelewana: ikikaa karibu na +1 uko poa, ikianza kuzama chini ya sifuri jua kuna vita. Kwa simu pia, hertz 49 haitoki kwa simu hata ufanye maombi, tia distoshoni (ukwaruzo wa sauti) kidogo ili 98 na 147 ziamke, sikio litajijazia yenyewe ile ya chini.

Gheto_Sound
MREJESHO: nimefuta ya kulia, G imerudi, imerudi vibaya sana hadi imefunika kiki, kumbe ile volyumu niliyoongeza asubuhi sikuitoa, nimeshusha desibeli 6 sasa zinaelewana. Sabufa ya nyumbani inaunguruma mpaka mlango wa kabati unajibu. Ila niwe mkweli, kwenye hedfoni inasikika ndogo kuliko mwanzo, inaniuma kidogo.

Fundi Mitambo 255
Itapoa hiyo. Tanua gitaa badala yake. Na ole wako nisikie umerudisha ile dilei saa saba usiku.